Hesabu ya Nondo Kilosa

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika wilaya ya Kilosa, Tanzania, wakulima waliochaguliwa na vijiji vyao walikabidhiwa mtego, kipima mvua na daftari. Mtego uliwekwa harufu ya nondo jike iliyotengenezwa maabara. Madume waliifuata wakanaswa, na kila asubuhi mkulima aliwahesabu na kuandika idadi yao kando ya kipimo cha mvua. Wiki ikiisha alikuwa na la kuwaambia jirani zake: viwavijeshi, watoto wa nondo hao, wanakuja, au bado. Ni kazi ya dakika chache, tena bila jasho, na pengine ndiyo maana haijapewa heshima ya ufundi kama useremala au ufinyanzi. Lakini ufundi ni nini, kama si mkono na jicho kurudia jambo dogo kwa uaminifu mpaka liseme? Kilosa haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Milipuko ya kwanza ya msimu hutokea katika maeneo kama haya, pale nondo waliobebwa na upepo wanapokusanywa na dhoruba za mvua za mwanzo na kutaga pamoja. Vizazi vinavyofuata huenda kaskazini, Kenya, Ethiopia, hata Yemen. Nyasi ni chakula chao sawa na mahindi, na mbuga ya Mkata, inayoingia hadi hifadhi ya Mikumi, ina nyasi za kuwatosha. Nondo hana habari na mpaka wa hifadhi.

Aliyemwangalia mdudu huyu kwa subira ya kupigiwa mfano ni Ken Wilson wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza. Kiwavi anayekulia peke yake huwa wa kijani, mpole, amejificha chini ya majani. Wakibanana, kiwavi wa ukoo uleule hugeuka mweusi, akawa mchangamfu na mlafi. Watu wengi wangeishia kwenye rangi. Wilson na wenzake waliuliza weusi huo una kazi gani, na mwaka 1998 wakaonyesha kwamba kiwavi mweusi hustahimili zaidi kirusi kinachoua jamii yake. Hoja yao inaeleweka hata na asiye msomi: penye msongamano maradhi huenea upesi, kwa hiyo anayezaliwa katika umati hujikinga mapema. Kirusi chenyewe kina mwendo wake wa kutisha, maana kiwavi aliyeugua hupanda hadi ncha ya jani, akafia huko, mwili ukayeyuka na kudondosha maradhi juu ya wenzake. Mwaka 2012 timu hiyo, akiwamo mtaalamu wetu Wilfred Mushobozi, ilitoa jambo jingine la kustaajabisha. Bakteria aitwaye Wolbachia, ambaye huwakinga nzi wa matunda dhidi ya virusi fulani, kwa viwavijeshi huzidisha udhaifu mbele ya kirusi chao.

Atasema mtu: kama kirusi kinaua, kifanywe dawa, kinyunyizwe, mambo yaishe, nondo wahesabiwe wa nini? Dawa hiyo imejaribiwa Tanzania na ni safi, haidhuru nyuki wala ng'ombe. Ila kiwavi akikua, kirusi humshinda kwa shida, na mkulima kwa kawaida huwaona viwavi wakishakuwa wakubwa na weusi, siku chache kabla shamba halijabaki vijiti. Sumu ya dukani inaweza kuvumilia kuchelewa huko, na mazingira ndiyo yakalipa. Kirusi hakivumilii. Kwa hiyo kadiri dawa inavyokuwa safi, ndivyo inavyomhitaji zaidi yule mwenye daftari. Wengine wanategemea setilaiti. Setilaiti huona mawingu na ukijani wa nyasi, mambo yenye manufaa makubwa, lakini haioni nondo wangapi wametua usiku wa jana.

Hoja nzito zaidi ni ya kiwavijeshi vamizi, mgeni kutoka Amerika aliyeripotiwa nchini mwaka 2017. Huyu hujichimbia ndani ya mhindi msimu hadi msimu, na ni haki wakulima wamhofie. Lakini tumemruhusu ateke fikra zetu mpaka yule wa zamani, ambaye E. S. Brown na wenzake walieleza safari zake mwaka 1969 kwa kumbukumbu zilizokusanywa Afrika Mashariki nzima, anaonekana kama habari iliyokwisha. Haijakwisha. Kilichopungua ni watu wanaoona fahari kuhesabu. Harufu ya mtego hufifia, lazima ibadilishwe. Isipobadilishwa mtego utaendelea kuning'inia pale pale ukitoa sifuri, na sifuri hiyo kwenye karatasi inafanana kabisa na sifuri ya msimu wa amani. Daftari la namna hiyo ni baya kuliko kukosa daftari, kwa sababu bwana shamba atalisoma na kuliamini.