Zilipendwa na Nani? Uhakiki wa Mchezo wa Kubahatisha Nyimbo katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili wameandika mengi kuhusu ngano, methali na vitendawili. Mchezo wa kubahatisha nyimbo za zamani haukupata nafasi hiyo, labda kwa kuwa huhesabiwa kuwa porojo za barazani tu. Mtu hupiga mluzi mwanzo wa wimbo uliovuma zamani, au muziki wa kufungulia kipindi cha televisheni. Wenziwe hutakiwa kutaja wimbo, mwimbaji, kipindi au mwaka. Makala haya yanauchunguza mchezo huo kwa kuitazama Kombani, mahali ambapo barabara iendayo Kwale huachana na ile ya Likoni na Lungalunga, na ambapo Kidigo, Kimvita na Kiswahili cha mahoteli ya Diani hukutana. Hoja yake ni moja: mchezo huu umerithi umbo la kitendawili lakini umeacha nusu ya kazi yake.

Fani

Undugu wa mchezo huu na kitendawili ni dhahiri. Kuna mtegaji na mteguaji. Kuna kauli fupi inayoficha jibu. Kuna hadhira inayoamua. Hata hivyo ziko tofauti mbili. Kwanza, anayeshindwa kitendawili hudaiwa mji, na akishautoa, mtegaji hana budi kufichua jibu. Katika kubahatisha nyimbo hakuna mji. Aliyeshindwa huchekwa, na mchezo ukaendelea. Pili, jibu la kitendawili ni kitu kilichomo katika ulimwengu wa wasikilizaji: yai, kaburi, uyoga. Jibu la mchezo huu ni jina, na jina halifafanui neno hata moja lililoimbwa.

Tofauti hiyo huzidi kuonekana mchezo ukilinganishwa na fumbo. Katika ushairi wa pwani, tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa, mshairi hufumba na mwenziwe hufumbua kwa shairi. Kumtambua mtunzi si ushindi; ushindi ni kuielewa kauli yake na kuijibu.

Mazingira ya kihistoria

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962. Sauti ya Kenya, jina lililotumika tangu 1964 hadi shirika liliporudia jina la KBC mwaka 1989, haikuwa na mshindani mpaka KTN ilipoanza mwaka 1990. Kwa hiyo muziki wa kufungulia Vitimbi au Vioja Mahakamani uliwafikia watazamaji wote kwa wakati mmoja, na asiyekuwa na televisheni alikwenda kwa jirani aliyekuwa nayo. Kumbukumbu hiyo ya pamoja haikuletwa na ubora wa muziki peke yake. Ililetwa pia na uchache wa idhaa na wa vyombo. Kijana wa leo, ambaye husikiliza atakacho katika simu yake, ana nyimbo nyingi kuliko wazazi wake, lakini ni vigumu kupata wa kumtegea. Kinacholiliwa na wazee, basi, si wimbo tu, bali kule kusikia pamoja.

Maudhui

Nyimbo tatu zatosha kuonyesha mchezo unapofika na unapokomea. "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, iliyotungwa na Teddy Kalanda Harrison na kutolewa mwaka 1982, hutambulika upesi mno; kundi la Boney M. liliiimba kwa namna yake mwaka 1983. Ni wimbo wa kumkaribisha mtalii, na salamu yake ni ya mtalii. Mswahili husema "hujambo" na kujibiwa "sijambo": salamu na jibu hukanusha kuwa kuna jambo baya. Salamu ya watalii imeacha kikanushi pamoja na nafsi, ikabaki nomino tupu. Hivyo mtu wa Kombani huutambua haraka wimbo wenye Kiswahili ambacho hamsalimii nacho jirani yake. Mchezo haumuulizi hilo.

"Malaika" huleta tatizo jingine. Mchezo wataka jina moja, na jina litajwalo sana ni la Fadhili William, aliyeurekodi mapema katika miaka ya 1960. Lakini utunzi wake umedaiwa na wengine pia, akiwamo Adam Salim. Ubishi huo una haki yake, kwani fanani asiyetajwa hupotea. Hata hivyo wabishi huusahau msiba wenyewe wa wimbo: kijana ashindwaye kumwoa ampendaye kwa kukosa mali. Katika jamii ambamo mahari ni suala la kila nyumba, hapo ndipo penye mjadala.

Nyimbo za Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, huushinda mchezo kabisa. Mahadhi yake mengi yalifuata filamu za Kihindi, na mengi ya maneno yake yalitungwa na Ahmad Nassir, mwandishi wa Malenga wa Mvita (1971). Ajuaye mahadhi hutaja filamu. Ajuaye maneno hutaja mshairi. Wote wawili wamepata. Na bado hawajafika, maana swali la wimbo wa mafumbo ni hili: nani anayeambiwa, na kwa kosa gani?

Hitimisho

Yaweza kudaiwa kuwa mchezo ni burudani, wala si mtihani. Ni kweli, lakini kitendawili nacho ni burudani, na hakikuacha kufunza. Neno "zilipendwa" lenyewe ni kitenzi cha kutendwa kilichogeuzwa jina, kisichomtaja mtenda. Kazi ya uhakiki ni kumrudisha mtenda huyo: zilipendwa na nani, wapi, na kwa sababu gani? Wanafunzi wa idara za Kiswahili wanaokusanya fasihi simulizi Kwale wangefanya vema kuutumia mchezo huu kama mlango. Jina likishatajwa, yaulizwe maneno. Maneno yakishaandikwa pamoja na tofauti zake, iulizwe maana, wakati wasikilizaji wa kwanza wangali hai. Anayeshindwa adaiwe mji, kama zamani. Na anayeshinda adaiwe maana.