Jasho la Mtungi

Wahakiki hupenda kuviita vyungu vya Magdalene Odundo kamilifu. Mimi sikubali. Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950, hatumii gurudumu la mfinyanzi. Hupandisha udongo kwa mkono, kamba juu ya kamba, kisha hukwangua na kung'arisha. Kizunguke chungu chake: bega moja limeinuka kidogo, shingo imeenda upande. Halafu kuna moto. Chungu kikinyimwa hewa tanuuni huwa cheusi, na weusi huo haukai sawasawa kote. Hapo ndipo mimi husimama muda mrefu.

Lakini sokoni je? Tunagonga (hapo sawa, ufa ni ufa), tunageuza, tukiona doa la moshi tunamwambia mama apunguze bei. Doa la aina hiyohiyo likiwa nyuma ya kioo kule London, tunaongea kwa kunong'ona. Hiyo ni kasumba tu.

Na mtungi wa nyumbani una hoja yake. Udongo wake una vitundu visivyoonekana; maji hupenya, mtungi hutoa jasho, jasho likikauka maji ya ndani hupoa. Ukiupaka rangi ya mafuta ili upendeze, utakunywa maji ya uvuguvugu.