Mzabibu wa Partrishow

Kanisa la Partrishow limejibanza kwenye mteremko mkali wa milima ya Black Mountains, kusini-mashariki mwa Wales, juu ya bonde la mto Grwyne Fawr. Njia ya kulifikia ni nyembamba. Magari mawili yakikutana, moja lazima lirudi kinyumenyume. Kwa nje ni jengo dogo la mawe, halina hata mnara. Ndani mna kazi ya useremala ambayo makanisa mengi makubwa ya Ulaya yangeitamani.

Ni kiambaza cha mwaloni kilichochongwa yapata mwaka 1500, kinachotenga sehemu ya waumini na patakatifu, na juu yake kuna roshani. Katika Zama za Kati makanisa ya parokia yalikuwa na viambaza vya namna hii. Juu alisimamishwa Kristo msalabani, Maria upande mmoja na Yohana upande wa pili, na mishumaa ikawashwa mbele yao. Matengenezo ya Kanisa yaliziondoa sanamu hizo, kisha mwaka 1561 Malkia Elizabeth wa Kwanza akaamuru roshani zibomolewe, viambaza vibaki. Roshani karibu zote zikaangushwa. Ya Partrishow ilisalimika, na inaaminika kilichoiponya ni kuwa mbali na macho ya wakubwa.

Jina la fundi aliyeichonga halijulikani. Kazi yake, hata hivyo, inamtaja kila mahali.

Tazama boriti ya roshani. Mwishoni mwake kuna joka, kinywa wazi, na kinywani mna shina la mzabibu linalopinda na kupindana kwenye boriti nzima, majani na vichala vikipishana. Wapo wanaosema joka ni uovu unaoutafuna mzabibu wa Kristo. Mimi kila nikiufuata ule mzabibu naona unakua tu, hauliwi. Fundi hakuridhika kuchora majani juu ya ubao. Alipitisha patasi nyuma ya jani, akachimbua mpaka likaachana na ubao, likabaki limeshikwa na kikonyo chake, na kivuli kikapata mahali pa kuingia. Hapo ndipo penye hatari. Mwaloni una nyuzi ndefu na ngumu. Patasi ikienda kinyume nazo, ubao hupasuka na jani likaondoka na tawi lake. Kwa hiyo mchongaji husoma nyuzi kabla ya kugonga: shina likipanda, mkono unageuka, likishuka, unageuka tena. Nakshi hizi zilichongwa kwenye vibao vyembamba, kisha zikapachikwa kwenye mifuo ya boriti. Leo mbao hazina rangi, ni kijivu cha uzee, na kila pigo la mkono linaonekana.

Ukutani upande wa magharibi amechorwa Mauti, mifupa mitupu, ameshika saa ya mchanga, fyekeo na sepetu. Wageni wengi humpiga picha yeye kwanza. Naelewa, lakini mzabibu unastahili muda mrefu zaidi.

Mafundi wa Wales walikuwa na tabia ninayoiheshimu mno: walichoshwa upesi na kurudiarudia. Nenda Llananno, kando ya mto Ithon. Kanisa la zamani lilivunjwa na kujengwa upya miaka ya 1870, kiambaza kikahifadhiwa. Sanamu za watakatifu kwenye roshani ni za karne ya 19, lakini nakshi ni zile za kale, na paneli zake zinabadilika: hapa duara, pale maua, kando yake mistari inayokatana. Kipimo ni kimoja ila wazo ni jipya. Kurudia kungemrahisishia fundi kazi, na sidhani kuna mkulima yeyote wa bonde lile angelalamika.

Huko Llanegryn, karibu na pwani ya magharibi, husimuliwa kwamba roshani yao ilitoka abasia ya Cymer baada ya Mfalme Henry wa Nane kuzifunga nyumba za watawa, ikabebwa kuvuka milima. Llanrwst wana hadithi kama hiyo, abasia yao ikiwa Maenan. Siziamini, na zinaniuma kidogo, kwa sababu chini yake kuna dhana kwamba kijiji cha wafugaji hakiwezi kumiliki kitu kizuri hivi bila kukipata kwa wakubwa. Partrishow inaikanusha dhana hiyo. Watu wachache wa mlimani walitaka kazi bora, na alikuwepo fundi aliyekubali kuwapa yote aliyoyajua.

Ukienda, chukua tochi, kwa kuwa madirisha ni madogo. Usiimulike nakshi kwa mbele, maana itaonekana bapa. Ilaze tochi ubavuni mwa boriti, mwanga upite sambamba na mbao, uyaone majani yalivyoinuka na mikwaruzo ya patasi iliyobaki nyuma yake, mahali ambapo fundi hakutazamia mtu atachungulia.