Subira Iliyokisoma Kimeta

Septemba na Oktoba 2001, barua zenye unga wa kimeta zilipita katika posta ya Marekani. Watu 5 walifariki, wengine 17 wakaugua. Mtumaji hakuacha jina. Ikabidi vimelea vyenyewe viulizwe.

Barua za Bunge la Marekani zilizozuiliwa zilijaza mifuko zaidi ya 600. Badala ya kuifumua yote, wapelelezi walichukua sampuli katika kila mfuko, wakapima, wakalinganisha. Mmoja ulizidi mingine kwa wingi wa vimelea. Mwezi Novemba, ndani yake ikapatikana barua ya kimeta iliyotumwa kwa Seneta Patrick Leahy, haijafunguliwa.

Huko Flagstaff, Arizona, maabara ya Paul Keim ilikwishalinganisha DNA na kuitambua aina ya kimeta: Ames, iliyotoka kwa ng'ombe aliyekufa Texas mwaka 1981. Lakini maabara nyingi zilikuwa nayo. Ilihitajika alama ndogo zaidi.

Alama hiyo ilionekana katika maabara ya Jeshi huko Fort Detrick, Maryland. Mtaalamu Terry Abshire alipaka vimelea vya ushahidi juu ya sahani za agari, rojo la kuoteshea bakteria, akaziweka katika kabati la joto. Kwa kawaida sahani husomwa kesho yake. Yeye aliziacha zaidi. Alipozitazama, makundi mengi ya bakteria yalikuwa kama kimeta kinavyojulikana: ya kijivu, uso wake kama kioo kilichosagwa. Katikati yake, machache yalitofautiana kwa rangi na umbo. Mwenye haraka angeyapuuza. Haya yalichotwa na kuoteshwa katika sahani mpya, na tofauti ikarudi ileile. Ilikuwa ya kurithi.

Wataalamu wa jenomu wakasoma DNA ya makundi hayo, herufi kwa herufi, mpaka wakayapata mabadiliko yenyewe. Manne yakatengenezewa vipimo. Sampuli zaidi ya 1,000 za Ames, kutoka maabara za Marekani na za nje, zikapimwa. Nane tu zilikuwa na yote manne, na zote zilihusishwa na chupa moja ya Fort Detrick, RMR-1029. Kazi hiyo ilichukua miaka.

Mwaka 2011 jopo la wanasayansi liliipitia, likasema matokeo yanawiana na chupa ile, ila peke yake hayatoshi kuthibitisha asili ya unga. Naiheshimu kauli hiyo sawa na ninavyoiheshimu sahani iliyosubiriwa. Ufundi huu unawatetea waliokufa, na hauwezi kuwatetea kwa kusema zaidi ya kilichoonekana.