Maji Huingilia Nchani: Uti wa Mshale Chini ya Mlima Kenya

Uti wa mshale uliochongwa Nanyuki mwezi wa Februari ukaletwa Nyeri mwezi wa Mei hufika umebadilika, hata kama hakuna aliyeugusa. Umeongezeka uzito, umenenepa kidogo, na kama fundi alifanya haraka kwenye umalizio, umepinda. Miji hii miwili haiko mbali, lakini hewa zake ni mbili. Mawingu hushusha mzigo wake mkubwa upande wa kusini-mashariki wa mlima, juu ya Embu, Chuka na Chogoria, na Nanyuki hubaki nyuma ya mlima ikipata mabaki. Nyeri, iliyoko kati ya Mlima Kenya na safu ya Aberdare, ina mvua mbili kwa mwaka, na zikiisha huja Juni na Julai za baridi, ukungu na manyunyu.

Mbao huishi kwa kufuata hewa hiyo. Unyevu wa hewa ukiwa asilimia 50, mbao hutulia ikiwa na maji ya karibu asilimia 9 ya uzito wake mkavu. Hewa ikifika asilimia 80, mbao hupanda hadi 16 hivi, na ikifika 90 hukaribia 20. Meza ya mvinje haijali sana mabadiliko hayo. Mshale unajali, kwa sababu ni mwembamba, ni mrefu, na kazi yake yote inategemea unyoofu na uzito usiobadilika.

Hesabu yenyewe ni fupi. Uti wenye unene wa milimita 8 na urefu wa sentimita 70, ukitengenezwa kwa mvinje mkavu, una uzito wa gramu 16 hivi. Unyevu wake ukipanda kutoka asilimia 9 hadi 17, umebeba zaidi ya gramu moja ya maji, na kipenyo kimeongezeka kama sehemu ya kumi ya milimita. Mikono mitatu myembamba ya vanishi nayo huongeza gramu moja na kitu. Tofauti ni kwamba uzito wa vanishi ukishakauka haubadiliki, na mpiga upinde huuzoea. Uzito wa maji huja na kuondoka na majira.

Hapo ndipo mafundi wengi hukosea lengo. Hudhani kazi ya vanishi ni kuzuia maji yasiingie kabisa, na kwamba uti unaong'aa ndio uliozibwa. Hakuna umalizio wa kawaida unaofungia mvuke nje moja kwa moja. Unachofanya ni kuuchelewesha, ili mvua ya alasiri moja isiwe imefika kwenye kiini kabla jua halijarudi. Na ucheleweshaji huo hupimwa pale ambapo mbao ni dhaifu zaidi, yaani kwenye ncha zilizokatwa. Nyuzi za mbao ni kama fungu la mirija iliyolazwa kwa urefu. Unyevu husafiri ndani yake kwa urefu mara kumi au kumi na tano haraka kuliko unavyopenya kutoka ubavuni. Fundi anayepiga mikono minne ubavuni na kusahau pengo la upote, yaani mkato wa nyuma unaoshika uzi wa upinde, amefunga madirisha akaacha mlango wazi.

Wawindaji wa zamani wa Kenya walilijua jambo hili bila mizani. Uti wao haukupasuliwa kutoka kwenye ubao. Ulikuwa ufito mzima, kwa mfano wa mkole, uliomenywa gome na kukaushwa polepole. Ufito una faida moja kubwa: nyuzi zake zinafuata umbo lake kutoka mwanzo hadi mwisho, hivyo hakuna mahali zinapokatwa ubavuni. Una hasara moja pia. Kila mahali kitawi kilipochongwa panabaki kovu dogo la duara, na kila kovu ni ncha iliyokatwa iliyojificha katikati ya uti. Ukiutazama ufito mkavu kwa karibu baada ya kuulowesha, utaona madoa hayo yakigeuka meusi kabla ya sehemu nyingine. Hapo ndipo uti huanza kupinda.

Kunyoosha kulifanywa kwa moto. Ufito huzungushwa juu ya makaa, joto hulainisha lignini inayoshikanisha nyuzi, kisha hukunjwa kinyume na kushikiliwa mpaka upoe. Mafuta yakipakwa kabla, uso hauungui kwa urahisi. Lakini mafuta ya kupaka hayakuwa yote sawa kwa kazi ya kuziba. Mafuta ya mbarika, ambayo Wakikuyu waliyatumia sana mwilini na kwenye mavazi ya ngozi, hayakauki kamwe kuwa utando. Hubaki mafuta. Hulainisha na hufukuza matone kwa muda, kisha hutoka kwenye mkono na kwenye vumbi, na lazima yarudiwe. Mafuta ya kitani, yanayouzwa leo katika maduka ya rangi, yana tabia nyingine: hufyonza oksijeni ya hewa na kugeuka utando mgumu.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa mdomo wa uti. Mishale ya sumu ya Wakamba, na ya Wawata wa upande wa Tsavo na pwani, ilikuwa na chembe iliyofungwa kwenye kijiti kifupi, na kijiti hicho kilichomekwa kwenye tundu la uti bila gundi. Mnyama akikimbia, uti huanguka na kijiti hubaki. Kwa fundi wa mbao, huo ni mtego wa kiufundi: tundu ni ncha iliyo wazi kabisa, haliwezi kuzibwa kwa gundi, na mbao ikivimba kwa unyevu kijiti hung'ang'ania, ikikauka mno, mdomo hupasuka. Jibu lao lilikuwa ukano wa mnyama uliozungushwa nje ukiwa umelowa. Ukikauka husinyaa na kubana mdomo usipasuke. Lakini ukano ukilowa tena hulegea, kwa hiyo nao ulihitaji kinga ya utomvu au nta juu yake.

Sumu yenyewe ilikuwa na tatizo lilelile. Ilitoka kwenye msunguti, mti ambao kemia yake ilianza kueleweka Ulaya mwaka 1888 Mfaransa Léon-Albert Arnaud alipotenga ndani yake kitu kinachoitwa ouabain, kinachosimamisha moyo. Ouabain huyeyuka majini. Mshale wenye sumu iliyo wazi, ukinyeshewa, unabaki chuma tu. Ndiyo maana kijiti kilizungushiwa utepe mwembamba wa ngozi hadi dakika ya kutumika. Utepe ulimlinda mwindaji asijikwaruze na uliilinda sumu dhidi ya jua na mvua.

Karibu na Nanyuki yenyewe kuna kiumbe anayetumia kanuni hiyohiyo kwa kinyume. Mwaka 2020 watafiti, wakiwamo Sara Weinstein na Bernard Agwanda wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichapisha utafiti uliofanywa kwenye kituo cha Mpala, Laikipia, juu ya panya mwenye kishungi. Panya huyo hutafuna gome la msunguti na kupaka mate yenye sumu kwenye nywele za ubavuni. Nywele hizo si za kawaida: ganda lake lina matundu, na ndani zimejaa nyuzi laini zinazonyonya. Panya anataka sumu ipande kwenye mirija na ikae humo. Fundi wa mshale anataka mirija isinyonye chochote.

Mishale hiyo ilikuwa na jambo jingine lililohusu umalizio: alama za mwenyewe, zilizochongwa ili mzoga ukionekana ijulikane ni wa nani. Katika operesheni ya kupambana na uwindaji haramu huko Tsavo mwaka 1956 na 1957, iliyoongozwa na David Sheldrick akiwa na Bill Woodley, alama hizo ziligeuka ushahidi. Woodley baadaye alihamia milimani, akawa msimamizi wa hifadhi za Mlima Kenya na Aberdare. Kiufundi, alama iliyochongwa kwenye mbao ni mkato mwingine wa nyuzi, na anayeipenda leo afadhali aichonge kabla ya kuziba, si baada.

Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Mishale ya leo ni ya shabaha, maonyesho na ufundi wenyewe. Wachezaji wa kimataifa kama Shehzana Anwar, aliyebeba bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, hawana shida ya unyevu, kwa kuwa mishale ya mchezo wao haitengenezwi kwa mbao. Anayetaka mbao anarudi kwenye karakana, na karakana za Nyeri na Karatina zina mvinje, paini na mukima (grevilea).

Hapo swali linakuwa: duka la rangi lina nini, na kipi kinafaa? Maabara ya mazao ya misitu ya Madison, Wisconsin, iliwahi kupima makumi ya umalizio kwa kuziweka mbao zilizopakwa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 90. Mafuta ya kitani, ambayo mafundi wengi huyaapia, yalizuia mvuke kidogo mno. Nta ya parafini iliyoyeyushwa, pamoja na epoksi, zilikuwa juu kabisa. Sheleki, utomvu wa wadudu wa India unaoyeyushwa kwa spiriti, ilizuia mvuke vizuri ikipakwa mikono kadhaa, ingawa maji yakikaa juu yake huacha doa jeupe. Somo lililojirudia ni kwamba mkono mmoja hauzuii kitu cha maana. Mikono mitatu myembamba hushinda mmoja mnene.

Kinachotumiwa zaidi na mafundi wa samani ni sandingi sila na vanishi ya kuchanganywa na thina. Hukauka upesi na msasa huteleza juu yake. Nyeri ya Julai, hata hivyo, huifanyia hila. Thina ikiruka haraka hupoza uso wa mbao, mvuke wa hewa baridi hugeuka matone madogo ndani ya utando, na uti mzima hufanya ukungu mweupe. Dawa ni kungoja saa za mchana jua likiwa limetoka, au kutumia thina inayoruka taratibu zaidi. Tatizo la pili halionekani mara moja. Sila imetengenezwa laini ili isugulike. Ikirundikwa mikono mingi chini ya vanishi ngumu, utando wa juu hupasuka. Mshale hujikunja ukiachiliwa, ukizunguka upinde kwa mawimbi kabla ya kunyooka, na utando usioweza kujikunja nao hutoka magamba. Sila iwe mkono mmoja, usuguliwe karibu uishe, kisha juu yake vanishi ya poliurethani inayonyumbulika.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu. Uti husuguliwa kwa msasa wa 120, kisha 180. Hupanguswa kwa kitambaa chenye maji kidogo ili nyuzi zisimame, na ukikauka husuguliwa tena kwa 240. Asiyefanya hivyo huona nyuzi zikisimama chini ya mkono wa kwanza wa vanishi. Kabla ya kupaka ubavu, ncha mbili na makovu ya vitawi hupewa sheleki nyembamba mara tatu au nne, mpaka ziache kunywa. Kisha uti huchovywa kwenye bomba la plastiki lililozibwa chini na kujazwa vanishi iliyopunguzwa. Hapa mkono uende polepole: ukiuvuta uti haraka, utando hutoka mnene na kuchuruzika, ukiuvuta taratibu, vanishi inapata nafasi ya kushuka yenyewe. Uti huning'inizwa wima hadi ukauke, halafu hugeuzwa juu chini kwa mkono unaofuata, ili upande mmoja usiwe mzito kuliko mwingine.

Manyoya hubandikwa baada ya mkono wa mwisho, si kabla, na pale yanapobandikwa pasuguliwe kidogo ili gundi ishike. Nta ya nyuki ije mwisho wa yote, kwani gundi haishiki juu yake. Nyuzi zinazofunga manyoya zihesabiwe kama ncha nyingine. Zikiachwa bila sheleki, hunyonya ukungu na kuupeleka chini ya gundi. Matambara ya mafuta ya kitani, kwa anayeyatumia, yatandazwe nje yakauke, kwa sababu yakikunjwa pembeni hujipasha joto na kuwaka yenyewe.

Anayetaka kujua kama kazi imefanikiwa ana kipimo rahisi: mizani ndogo ya sonara. Uti uliomalizika hupimwa, huning'inizwa wiki moja jikoni wakati wa mvua, kisha hupimwa tena. Ukiwa umeongezeka sehemu ndogo ya gramu, uko tayari. Ukiongezeka karibu gramu nzima, fundi aangalie kwanza pengo la upote kwa kioo cha kukuza. Akiona mbao inayofanya giza pembezoni mwa pengo, ajue ni hapo.