Kipa Aliyehamia Benchi

Vijiweni kipa husifiwa kwa kuruka. Akipaa akapangua mchomo uliokuwa unaelekea pembeni kabisa mwa lango, atazungumzwa wiki nzima. Wanaoijua kazi yenyewe humsifu kipa wa aina nyingine, yule ambaye mpira unamkuta amesimama. Alikwisha kusogea hatua mbili kabla mpigaji hajainua mguu, akapunguza pembe, akampa beki neno moja, na shuti likakosa pa kwenda ila kifuani mwake. Jukwaani watu wanamzomea mshambuliaji kwa kupiga ovyo. Dino Zoff aliishi kwa kazi hiyo zaidi ya miaka 20, na sidhani kama yuko aliyeifanya kwa usafi kumshinda.

Alizaliwa mwaka 1942 Mariano del Friuli, kijijini, kaskazini-mashariki mwa Italia. Alipokuwa na miaka 14 Inter na Juventus zilimtazama zikamkataa kwa sababu ya ufupi wake. Bibi yake, Adelaide, akaagiza mjukuu ale mayai manane kila siku. Ama mayai yalifanya kazi, ama umri ulifanya kazi. Kijana akarefuka, na huku akijifunza umakanika, Udinese ikamchukua. Mechi yake ya kwanza ya Serie A, mwaka 1961, Fiorentina walimfunga mabao matano. Akapita Mantova na Napoli, hadi Juventus ile ile iliyomkataa ikamnunua mwaka 1972, akiwa na miaka 30. Misimu 11 aliyokaa Turin hakukosa mechi hata moja ya ligi: mechi 330 mfululizo. Naipenda hesabu hii kuliko makombe yake. Kombe hupatikana hata kwa bahati ya usiku mmoja, lakini hakuna bahati inayomtoa mtu kitandani kila wiki kwa miaka 11 na kumweka langoni akiwa mzima.

Timu ya taifa nayo aliidakia dakika 1,142 bila kufungwa, kuanzia 1972 hadi Kombe la Dunia la 1974, ambapo Emmanuel Sanon wa Haiti aliikata rekodi ile mjini Munich. Miaka minne baadaye, kule Argentina, Waholanzi na Wabrazili walimfunga kwa mashuti ya mbali, na nyumbani wakasema kipa wetu amezeeka. Kipa hana pa kujificha. Mshambuliaji akikosa mabao matatu akapata la nne, anabebwa juu juu. Kipa akiokoa manne akaruhusu moja, ni hilo moja litakalosimuliwa.

Tuje Kombe la Dunia la 1982, Barcelona, tarehe 5 Julai, uwanja wa Sarrià. Italia inaongoza 3-2 dhidi ya Brazil, na sare tu inawatosha Wabrazili kwenda nusu fainali. Zimebaki dakika chache. Mpira wa adhabu unamiminwa ndani, beki Oscar anaupiga kichwa kuelekea chini, na Zoff, mwenye miaka 40, anaushika kwenye mstari wenyewe. Tazama alichofanya hapo. Hakuutema. Angeupangua tu, ungeangukia miguuni mwa Wabrazili waliokuwa wamejaa mbele yake. Aliubana chini kwa mikono miwili na kuutuliza papo hapo, huku wapinzani wakidai umevuka mstari. Paolo Rossi alifunga mabao matatu siku ile na ndiye anayekumbukwa, kwa haki yake. Ila mimi nikitaka kumwonyesha kijana maana ya kudaka, nitamwonyesha tukio hilo.

Siku sita baadaye akanyanyua Kombe la Dunia kama nahodha, mwenye umri mkubwa kuliko mchezaji yeyote aliyewahi kulitwaa. Na kuna kichekesho kidogo katika mashindano yale: wachezaji wa Italia, wakiwa wamekasirishwa na magazeti yao, waligoma kuzungumza na waandishi, wakamwachia nahodha awasemee. Yaani msemaji wa timu akawa mtu mkimya kuliko wote.

Alistaafu mwaka 1983. Klabu nyingi hadi leo humwona kipa mstaafu kama mtu wa kuwanoa makipa wenzake basi, ingawa ndiye mchezaji pekee anayeutazama mchezo wote mbele yake, kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Zoff alipewa timu ya Olimpiki ya Italia, kisha Juventus mwaka 1988. Msaidizi wake alikuwa Gaetano Scirea, beki aliyecheza mbele ya lango lake miaka nenda miaka rudi. Septemba 1989 Scirea alikwenda Poland kuwachunguza Górnik Zabrze, wapinzani wao wa Kombe la UEFA, akafa huko kwa ajali ya gari. Zoff akaendelea na msimu bila yule aliyemzoea kuliko wote, na Juventus ikatwaa Kombe la UEFA na Kombe la Italia. Hata hivyo akaondolewa. Wakubwa walitaka mpira wa kupendeza zaidi, wakamleta kocha Gigi Maifredi, na mwisho wa msimu uliofuata Juventus haikufuzu hata kucheza Ulaya.

Akaenda Lazio, akawa kocha, halafu rais wa klabu, na mwaka 1998 akakabidhiwa timu ya taifa. Kabla tu ya Euro 2000 Gianluigi Buffon akaumia mkono, ikabidi Francesco Toldo asimame langoni. Katika nusu fainali mjini Amsterdam Italia ilibaki na watu kumi tangu kipindi cha kwanza, Waholanzi wakapata penalti mbili ndani ya mchezo na wakazikosa zote, na zilipofika za kuamua mshindi Toldo akaokoa mbili. Benchini alikuwepo mtu mmoja aliyejua vizuri anachopitia Toldo, naye hakuweza kumsaidia kwa lolote.

Fainali ikawa Rotterdam. Italia iliongoza hadi muda wa nyongeza wa mwamuzi, Wiltord wa Ufaransa akasawazisha, mwenzake Trezeguet akamaliza kwa bao la dhahabu. Silvio Berlusconi, mwanasiasa na mmiliki wa Milan, akasema hadharani kwamba kumwacha Zidane bila mtu wa kumkaba ni jambo la aibu. Zoff akajiuzulu. Wengine waliona ni hasira za bure. Mimi naona alikuwa sawa. Kulaumiwa kwa bao alikuzoea tangu yale matano ya Fiorentina. Ila kudharauliwa katika ujuzi wake, tena na mwanasiasa, hilo alikataa.

Mwaka 2005, akikaribia miaka 63, Fiorentina iliyokuwa ikielekea kushuka daraja ilimwita. Siku ya mwisho ya msimu ikaifunga Brescia 3-0 na kubaki Serie A. Zoff akaondoka, na hakufundisha tena.