Lipu yenye mkonge: kipande kilishikwaje kabla ya kuvutwa?

Ukipita njia ya chini ya milima ya Upare kuelekea Ndungu, wilayani Same, mkonge unauona mwenyewe shambani. Ndiyo maana wazo hili halikawii kuja: badala ya kuagiza wavu wa kaboni au wa nyuzi za kioo, tufume wavu wa mkonge, tuuzamishe ndani ya lipu ya saruji, tuvishe nguzo na bimu za zege zilizochoka. Wazo silipingi. Napinga namba zinazoletwa kulitetea.

Nyingi zinatoka kwenye jaribio moja: kipande chembamba cha lipu yenye wavu kinavutwa mpaka kikatike. Sasa uliza, ncha zake zilishikwaje? Mwongozo wa AC434 wa Marekani unagundisha vibao vya chuma kwenye ncha na kuvuta bila kubana. Kuna maabara zinazobana. Ukibana, nyuzi hazipati pa kuteleza, zinakatika, namba inapanda. Usipobana, nyuzi za ndani ya uzi ambazo saruji haikuzifikia zinachomoka kidogokidogo, namba inashuka. Wavu uleule, lipu ileile! Na kwenye bimu ya darasa hakuna jiki ya kubana ncha. Tena zege likiwa dhaifu, lipu yote hubanduka na ngozi ya zege, wavu ukiwa mzima kabisa.

Kwa mkonge kuna zito zaidi. Maji yaliyo ndani ya vitundu vya saruji yana pH ya karibu 13. Yanakula lignini na hemiselulosi zinazoshikanisha nyuzi, na baada ya muda uzi unakuwa wa kuvunjika kama kijiti. Jaribio la siku 28 halioni kitu hapo. Kule Brazil, Romildo Toledo Filho na wenzake walipunguza saruji hadi nusu, wakajazia metakaolini na unga wa matofali ya kuchoma, ndipo mkonge ukastahimili kuloweshwa na kukaushwa mara kwa mara. Kaolini ya kutengenezea metakaolini ipo Pugu. Matofali ya kuchoma, mnajua wenyewe.

Same mjini ni pakavu, lakini Chome, chini ya kilele cha Shengena, kuna mvua na ukungu, halafu jua. Kwa hiyo anayetaka kuvisha shule ya huko lipu ya mkonge atuonyeshe vipande vilivyoloweshwa na kukaushwa kwa miezi, kisha vikavutwa bila kubanwa ncha. Kuanza kunahitaji ndoo, maji na jua tu.